Uraibu Uliofungwa Katika Jani

SOMO LA 9

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Waamuzi 13:2–14, Danieli 1:8–16, Mathayo 15:1–20, 1 Wakorintho 6:12–20, Wagalatia 6:1, 2.

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 6:19, 20. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti, kisha ulikariri.

Katika kanisa moja la pwani iliandaliwa siku ya afya. Mama mmoja, shemasi wa miaka mingi, alikaa mbele ya muuguzi kijana ili apimwe. Sukari yake ilikuwa juu, na haikuwa mara ya kwanza. Muuguzi akaanza kujaza fomu.

“Mama, unavuta sigara?”

“La, mwanangu.”

“Pombe je?”

Mama akacheka kidogo. Tangu abatizwe hakuionja, na hata kabla ya hapo hakuwa mtu wa pombe. Fomu ilikuwa imefika mwisho. Ndipo mjukuu wake wa miaka sita, aliyekuwa ameegemea goti lake, akauliza, “Na popoo, Bibi?”

Waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko, lakini mama hakucheka. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya kitambaa popoo mbili, majani ya tambuu na kikopo cha chokaa. Hakuwa amesema uongo. Katika darasa la ubatizo aliulizwa habari za pombe na tumbaku, akajibu kwa moyo mweupe. Popoo haikutajwa. Kwake yeye ilikuwa kitu cha kusafisha kinywa baada ya chakula, kama alivyomwona mama yake akifanya.

Sabato iliyofuata mzee mmoja wa kanisa alihubiri juu ya kulinajisi hekalu, na katikati ya hubiri akataja “midomo myekundu”. Hakutaja jina, wala haikuhitajika. Sabato mbili baadaye nafasi ya mama kwenye benchi la mashemasi ilikuwa wazi.

Somo la juma hili linauliza popoo inafanya nini mwilini, na linauliza pia kanisa limfanyie nini yule anayeitafuna. Anayejibu swali moja na kuliacha la pili hajalimaliza somo.

JUMAPILI
Sinia la Mogadishu

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alitia nanga Mogadishu. Mtawala wa mji alimpelekea sinia lenye majani ya tambuu na popoo, na maji ya waridi yakamiminwa mikononi mwa mgeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima ya kumpokea mtu mwungwana, karibu miaka 700 iliyopita, katika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Popoo na jani lake zilikuja na pepo za kaskazi kutoka India na nchi za mashariki yake, zikakaa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, zikapata kazi katika posa, harusi na mazungumzo ya jioni.

Kwa hiyo asiyekulia pwani asikimbilie kudharau. Anayekunja jani, akapaka chokaa, akatia kipande cha popoo na katu kidogo, mara nyingi anamkumbuka bibi yake. Mgeni akipewa, amepewa undugu.

Lakini lugha yenyewe imehifadhi ushahidi wa upande wa pili. Leo neno “uraibu” linatumika kwa hali ya mtu kufungwa na kitu asichoweza kukiacha: dawa za kulevya, kamari, hata simu. Wazee waliokusanya kamusi za Kiswahili waliliandika neno hilo kwa maana nyingine. Uraibu ulikuwa ni vile vitu vyenyewe vya kutafuna: tambuu, popoo, chokaa, katu na tumbaku. Yaani Waswahili walipotafuta neno la kumwelezea mtu aliyefungwa, walilikuta tayari kwenye kijaluba cha tambuu.

Soma 1 Wakorintho 6:12. Paulo anakubali kwamba vitu vingi ni halali kwake, kisha anaweka mpaka: hatakubali kitu chochote kimtawale. Angalia kwamba haanzi na orodha ya vitu vilivyokatazwa. Anauliza ni nani bwana na ni nani mtumwa.

Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 600 duniani hutafuna popoo. Kati ya vitu vinavyochangamsha au kubadili hali ya akili, ni vitatu tu vinavyoitangulia kwa idadi ya watumiaji: tumbaku, pombe, na kafeini iliyomo ndani ya kahawa na chai. Hata hivyo, mtu anaweza kukaa kanisani miaka 30 bila kusikia habari zake mimbarani.

Kuna desturi gani katika jamii yako ambayo hakuna aliyeihoji kwa sababu tu haikutajwa wakati wa ubatizo?

JUMATATU
Kiingiacho Kinywani

Kila somo la afya linapofundishwa, yuko mshiriki atakayefungua Mathayo 15:11 na kusema kwamba Yesu alikwisha kumaliza jambo hili: kinachoingia kinywani hakimtii mtu unajisi. Ni vema asome kuanzia aya ya 1 hadi aya ya 20. Mafarisayo walikuwa wamelalamika kwamba wanafunzi walikula bila kunawa kwa taratibu za wazee, na Yesu anamaliza kwa kurudi pale pale, kwenye mikono isiyonawiwa. Hoja yake ni kwamba uovu hutoka moyoni. Hakusema kwamba sumu haimdhuru anayeimeza.

Na popoo hudhuru. Mwaka 1952 tabibu aitwaye Schwartz alieleza ugonjwa wa ajabu aliouona kwa wanawake watano wenye asili ya Kihindi waliotoka Kenya. Utando laini wa ndani ya mashavu yao ulikuwa umepauka na kukakamaa, na vinywa havikuweza kufunguka sawasawa. Ugonjwa huo sasa unajulikana dunia nzima, na chanzo chake kikuu ni popoo. Vitabu vya tiba vinapoeleza ulivyoanza kutambulika katika nyakati zetu, hutaja wanawake watano wa kwetu Afrika Mashariki. Yafaa jambo hili likumbukwe na wale wanaosema kwamba mambo ya popoo ni ya nchi za mbali.

Unatokeaje? Popoo ina kemikali iitwayo arekolini, na ina madini ya shaba kwa wingi. Arekolini inazichochea chembe za utando wa kinywa zitengeneze nyuzi ngumu, na shaba inasaidia nyuzi hizo zishikamane zisivunjike. Chokaa, ambayo kwa pwani mara nyingi imechomwa kutokana na matumbawe, huifanya kemikali hiyo ipenye haraka zaidi. Ndiyo maana mtafunaji huhisi joto na uchangamfu baada ya dakika chache tu. Mtu mzima mwenye kinywa kizima kwa kawaida anaweza kuingiza vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Mwenye ugonjwa huu huanza kushindwa, pilipili humuunguza kuliko zamani, na mwishowe hata kijiko huingia kwa taabu. Kilichokakamaa hakirudi kuwa laini kama mwanzo, na katika baadhi ya wagonjwa mahali hapo hugeuka saratani.

Wapo wanaojifariji kwamba wao huondoa tumbaku na kubaki na popoo peke yake. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha uamuzi wake kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani kwa binadamu. Imewekwa katika kundi moja na sigara. Vipakiti vya popoo tamu yenye manukato, ambavyo watoto hununua dukani kama pipi, havitoki nje ya uamuzi huo.

JUMANNE
Sukari na Askari

Watu wengi wakisikia popoo hufikiri habari za meno na midomo tu. Mama shemasi naye alifikiri hivyo. Kwamba popoo ingeweza kuhusika na sukari yake, hakuna aliyemwambia.

Mwaka 1994 watafiti nchini Uingereza, akiwamo daktari Barbara Boucher, walitoa matokeo ya jaribio la panya. Panya hao walilishwa popoo ndani ya chakula chao kwa muda. Baadhi yao walipanda sukari ya damu, na wengine wakanenepa tumboni. Boucher alikuwa na sababu ya kushuku. Popoo ikitafunwa, arekolini hukutana na mate na kufanyiza kemikali za jamii ya nitrosamini, na kemikali za ukoo wa karibu na hizo zinajulikana kwa kuua zile chembe za kongosho zinazotoa insulini.

Panya si watu, na ni haki mtu kusema hivyo. Lakini ushahidi uliofuata ulitoka kwa watu wenyewe. Nchini Taiwan popoo hutafunwa sana na wanaume, hasa madereva wa magari makubwa na vibarua wa kazi nzito, nao kwa kawaida huitafuna bila kuchanganya tumbaku. Wachunguzi walipowapima, walikuta kwamba watafunaji wana kisukari, unene wa tumbo, mafuta mengi kwenye damu na shinikizo la damu kuliko wasiotafuna. Waliotafuna zaidi, na kwa miaka zaidi, walikuwa hatarini zaidi. Uvutaji wa sigara na unywaji wa pombe ulipohesabiwa na kuwekwa kando, popoo bado ilibaki na lawama yake. Papua New Guinea nako, wagonjwa wa kisukari wanaotafuna wameonekana kupata shida kuidhibiti sukari yao.

Vipi kuhusu kinga ya mwili? Damu ina chembe nyeupe ambazo ni kama askari wa doria. Zikikutana na kijidudu humzunguka, humeza na kumwua. Katika maabara, chembe hizo zilipowekwa pamoja na maji ya popoo, zilipungukiwa na uwezo wa kumeza na kuua bakteria. Matokeo ya maabara hayatoshi kueleza yote yatokeayo ndani ya mtu aliye hai, lakini yanapatana na kile ambacho madaktari wa meno wamekiona kwa muda mrefu: ufizi wa mtafunaji huugua mapema na kupona polepole.

Tena kuna njia ya pili, na hii haina shaka. Kisukari chenyewe hulegeza kinga. Sukari ikikaa juu, askari wale wale wa damu huwa wazito, vidonda haviponi, na hatari ya kuugua kifua kikuu huongezeka mara mbili hadi tatu. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu hakijatoka majumbani mwa watu, hesabu hiyo si ndogo. Popoo inaanza kwa kuisumbua sukari, na sukari inaufungua mlango wa nyuma.

Mwenye pumu naye asisahaulike. Arekolini hubana mirija ya hewa, na hilo limepimwa kwa wagonjwa wa pumu wenyewe. Kama kuna mtu nyumbani anayetafuta pumzi usiku na mchana anatafuna, aulizwe kwa upole.

Soma 1 Wakorintho 6:15–20. Paulo alikuwa akizungumza na Wakorintho juu ya uasherati, si juu ya chakula. Hata hivyo msingi anaoujengea hoja yake ni mpana kuliko dhambi hiyo moja: mwili ni mali ya Mwenye kuununua, na Roho anakaa ndani yake wote. Hakutenga kinywa kiwe cha mtu binafsi na moyo uwe wa Mungu. Sayansi kwa njia yake inaonyesha umoja huo huo. Kinachowekwa shavuni asubuhi kinafika kwenye kongosho, kwenye mapafu na kwenye damu kabla ya saa sita.

JUMATANO
Manoa Aliuliza Habari za Mtoto

Soma Waamuzi 13:2–14. Malaika alimtokea mke wa Manoa akamwambia atazaa mwana, tena akampa maagizo juu ya vinywaji na vyakula. Manoa aliposikia aliomba malaika arudi, na alipokuja akamwuliza juu ya mtoto: maisha yake yatakuwaje, na kazi yake ni nini? Jibu linashangaza. Malaika hakuanza na mtoto. Alirudia yale aliyokwisha kumwambia mama, kwamba ayashike.

Wanawake wajawazito wanaotafuna popoo wameonekana kuzaa watoto wenye uzito mdogo. Wengine huitafuna kwa makusudi katika miezi ya kwanza ili kutuliza kichefuchefu, kwa ushauri wa mashangazi wenye nia njema. Hao mashangazi ndio wa kufundishwa kwanza, na kwa adabu, maana wao ndio wanaosikilizwa.

Lakini akina baba wasiketi wakitikisa vichwa kana kwamba fungu hili ni la wanawake. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa familia nyingi za Keelung, mji wa kaskazini mwa Taiwan. Watoto ambao wao wenyewe hawakutafuna, lakini baba zao walitafuna kabla ya kuwazaa, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupatwa mapema na mkusanyiko ule wa unene wa tumbo, sukari na shinikizo. Katika jaribio la panya pia, baadhi ya watoto wa waliolishwa popoo walipanda sukari ingawa wao hawakuilishwa.

Haya yasigeuzwe kuwa laana. Ezekieli 18:20 inakataa kwamba mwana aubebe uovu wa baba yake mbele za Mungu. Hatia hairithiwi. Mwili wenye udhaifu unaweza kurithiwa, na kijana anayejua kwamba baba yake alikuwa mtafunaji ana sababu ya kupima sukari mapema, wala hana sababu ya kumlaumu mzee wake.

ALHAMISI
Namna Danieli Alivyokataa

Soma Danieli 1:8–16. Watu hukumbuka kwamba Danieli alikataa chakula cha mfalme. Ni wachache wanaoangalia alivyokataa. Aliomba ruhusa. Mkuu wa matowashi alipoonyesha hofu ya kupoteza kichwa chake, Danieli hakumkaripia. Alimwendea msimamizi akapendekeza jaribio la siku kumi. Aliwafikiria watu waliotumwa kumletea chakula.

Somo hili linahitajika sana pale mshiriki anapokwenda kuposa na sinia la tambuu likasogezwa mbele yake. Anaweza kulipokea kwa mikono miwili, kumshukuru mwenye nyumba, kuliweka kando na kuomba maji. Wenyeji wa pwani ni watu wa adabu na wanaielewa adabu. Kinachoumiza ni uso uliokunjwa.

Nchini Papua New Guinea, ambako popoo huitwa buai na kugawana buai ni kugawana amani, Waadventista wanajulikana kwa kutoitafuna. Hata mwaka 2013, serikali ya mji mkuu Port Moresby ilipopiga marufuku uuzaji wake, mojawapo ya sababu zilizotajwa ikiwa ni mate yanayotemwa ovyo na hofu ya kifua kikuu, wao walikuwa wameshaizoea njia hiyo kwa vizazi. Ni ushuhuda mzuri. Hatari yake, hapo na popote, ni pale kutotafuna kunapokuwa beji ya kumpimia jirani.

Sasa, mama shemasi. Hubiri lilimfanya aone aibu, na aibu haikumfanya aache. Alitafuna zaidi, jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Mtu aliyezoea popoo akiiacha ghafla hupata maumivu ya kichwa, uchovu, hasira za bure na hamu inayorudi kila baada ya chakula, kwa sababu arekolini inagusa ubongo mahali pale pale panapoguswa na tumbaku. Asiyelijua hilo atasema hana imani.

Kanisa lina uzoefu wa jambo hili. Mnamo 1960 mchungaji Elman Folkenberg na daktari Wayne McFarland walianzisha Mpango wa Siku Tano wa kuacha sigara. Mchungaji na daktari walisimama pamoja mbele ya wavutaji, kila mvutaji akapewa mwenzake wa kumsemesha hamu inapokuja, maji yakanywewa kwa wingi, matembezi yakafanyika baada ya chakula badala ya kuketi, na maombi yakawa ya kuomba nguvu. Hakuna kinachozuia mpango wa namna hiyo kufanyika kwa popoo katika kanisa lolote la pwani. Iliki moja au kipande cha karoti kinaweza kukalia nafasi ya popoo shavuni. Kijaluba kitolewe nyumbani kabisa. Mwenye kisukari asipunguze dawa zake kwa kuwa ameacha, apimwe kwanza. Na mwenye doa jeupe au kidonda kinywani kisichopona kwa majuma mawili aende kwa daktari wa meno, akisindikizwa.

Soma Wagalatia 6:1, 2. Wanaoagizwa hapo ni wale walio wa roho, nao wanaagizwa kumrejeza aliyeghafilika kwa upole, huku wakijiangalia wenyewe. Jumatano moja jioni muuguzi yule kijana alibisha hodi nyumbani kwa mama shemasi. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu, karibu.” Alikuwa na kipimo cha sukari mfukoni na hakukitoa hadi alipoombwa. Walizungumza habari za mjukuu, na za bei ya unga. Alipoaga, mama alimsindikiza hadi barabarani, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli popoo inapandisha sukari, na kama mtu wa umri wake akiacha sasa kuna faida yoyote.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi na Kujadili

Soma tena 1 Wakorintho 10:23–33, ukiangalia jinsi Paulo anavyofikiria dhamiri ya mwenye kualika na ya mwenye kualikwa. Soma pia Isaya 55:2, kisha upige hesabu ya fedha ambayo nyumba moja hutumia kwa mwezi kwa kitu kisicho chakula.

Maswali ya kujadili:

1. Fomu ya siku ya afya ilikuwa na maswali mawili tu, la sigara na la pombe. Katika eneo la kanisa lenu ni vitu gani vingine ambavyo haviulizwi: popoo, miraa, ugoro? Nani atayaandika maswali hayo, na yaulizweje ili mtu asiaibike mbele ya foleni?

2. Mzee wa kanisa alisema jambo la kweli kuhusu hekalu la Mungu. Ni nini kilichokosekana katika hubiri lake? Je, anapaswa kufanya nini sasa, na aanzie mimbarani au nyumbani kwa mama?

3. Mshiriki mmoja wa kanisani anauza vipakiti vya popoo tamu katika duka lake, na kwa faida hiyo hulipa ada ya watoto na kutoa zaka. Mtamshauri nini, na mtamsaidiaje kupata bidhaa nyingine ya kuuza?

4. Mama shemasi aliuliza kama kuacha katika umri wake kuna faida. Kama ungekuwa wewe pale barabarani, ungemjibu nini?